Filimbi Saba za Gwakisa

Mtu mmoja alikuwa na filimbi saba za kuitia bata, na bata hata mmoja hakuwa naye. Jina lake Gwakisa. Msimcheke kwanza. Subirini nimalize, halafu mtajicheka wenyewe.

Gwakisa alikuwa anaposa. Kwao ni pembeni mwa bwawa, matete na mashamba ya mpunga mpaka macho yachoke, na baba mkwe wa kule hatoi binti mpaka mchumba amletee bata mwitu. Mmoja tu! Ila asiwe bata wa mtego. Lazima aitwe kwa filimbi, ashuke mwenyewe mbele ya kificho cha mwindaji, ndipo apigwe kwa gobole. Sababu yake haihitaji profesa. Wanataka kujua kama mtu anaweza kuita kitu kikaja, au anachojua ni kukamata tu.

Mchumba hupewa asubuhi tatu. Akishindwa, asubiri mpaka mpunga wa mwaka ujao uive, bata watakaporudi. Na binti mwenyewe, Sekela, alikwisha kusubiri misimu miwili, Gwakisa kila mwaka akisema bado anajiandaa. Safari hii alimwambia waziwazi, "Wa tatu mimi sisubiri."

Sasa mtu aliyeambiwa hivyo anafanya nini? Mimi ningelala bwawani. Gwakisa alikwenda gulioni kuchagua filimbi.

Fundi alimpa moja ya tete, nyembamba, yenye sauti ya kukwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Akamwambia, hii inatosha. Gwakisa akaipuliza, watu wakacheka. Basi, aibu ikamshika! Akachukua na ya pembe ya mbuzi, hiyo ikalia mpaka kuku wakakimbia. Watu wakapiga makofi. Akachukua ya mwanzi, akachukua ya bomba la plastiki, akaendelea hivyo mpaka zikafika saba, na kila akipuliza moja anawageukia akina mama wauza nyanya: "Na hii je?" Niambieni ninyi wenye vyeti ukutani. Muuza nyanya ana mabawa? Ameota manyoya wapi? Kwa nini aulizwe yeye sauti ya bata?

Zote saba akazivaa shingoni, akaingia kwenye matete. Ambilikile, kaka yake Sekela, alikwenda naye kama shahidi.

Asubuhi ya kwanza iliishia kwenye kujaribu. Hii kali, hii nzito, hii imeingia maji. Jua likapanda, bata wakaenda zao kula mpunga wa watu.

Asubuhi ya pili alipuliza pembe kwa nguvu zote, na bata wa ng'ambo ya bwawa wakaruka kwa pamoja kama wamesikia moto. Ambilikile akajifuta mate yaliyomrukia. "Shemeji, hapa tunaita bata au tunaita mkutano wa hadhara?"

Asubuhi ya tatu, kwa kukata tamaa, Gwakisa alichukua ile ya tete. Akaikwaruza mara mbili. Bata watatu wakajitenga na kundi, wakageuka. Wakazunguka juu ya kificho mara moja, wakazunguka tena chini zaidi, miguu wameinyoosha kutafuta maji. Ambilikile akabana pumzi. Gobole lilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa kunyamaza, basi!

Gwakisa akaona wanachelewa. Akaiachia ile ya tete, akapuliza pembe. Bata wakapanda kidogo, wakasita. Naye, badala ya kujiuliza, akapuliza ya mwanzi, kisha ya plastiki, jasho linamtoka, mikono inagombana na kamba. Hebu jiwekeni kwenye nafasi ya bata. Umeitwa na mwenzako mmoja mwenye mafua, unakaribia kutua, mara wanakuita wageni watatu wasiojuana. Ungeshuka? Hata wao hawakushuka. Wakawa vidoa angani, kisha hata vidoa havikuonekana.

Ambilikile akaegemeza gobole kwenye matete. "Walikuwa wanakuja, shemeji. Sasa ulikuwa unamwita nani?"

Shahidi alirudi nyumbani akasema alichokiona, bila kukitia sukari. Sekela alikuwa anapepeta mpunga. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua pete ya uchumba aliyovishwa na Gwakisa, akamkabidhi kaka yake airudishe, akaendelea kupepeta.

Haya, chekeni sasa. Mbona hamcheki? Kuna mtu hapa ameomba Mungu amrudishie mwanawe nyumbani. Mtoto ameanza kupiga simu, mara moja kwa wiki, anasalimia tu. Mzazi akaona anachelewa. Akatuma wajomba, akatuma mchungaji, akatuma ujumbe wa vitisho, na simu imezimwa tangu Pasaka. Mwingine ameomba amani na mumewe, mume akaanza kuwahi chakula cha jioni, naye mlangoni akampokea na hotuba. Halafu mnakuja kulalamika mbele yangu kwamba mbingu ni kiziwi! Mnanichosha, wakubwa zangu. Mimi naomba kila mtu ajijibu moyoni, tena bila kumtazama jirani: kile ulichokiita, kikaanza kushuka, wewe ulikifukuza kwa filimbi ya ngapi?