Bi Kanga Alipikaje Zile Ndizi?

Chungu jikoni!

— Na kichemke!

Hadithi chunguni!

— Na ipakuliwe!

Na uongo je?

— Ndio chumvi yake!

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wananawa mikono kabla ya kula, palikuwa na mji uitwao Kitopeni. Mji ulikuwa na soko, soko lilikuwa na migahawa, na migahawa ilikuwa na majina ya ajabu. Mgeni akifika alisimama katikati ya njia, akasoma milango, akajikuna kichwa. Mgahawa wa Mbuni uliitwa Nani Kapika Hiki. Wa Tumbili uliitwa Kumbe Ni Maharage. Wa Nguchiro, ambao kila mchana ulijaa hadi uani, uliitwa Sogea Kidogo.

Msicheke kwanza. Ilikuwepo sababu.

Zamani za nyuma zaidi kila mwenye mgahawa alijipa jina mwenyewe. Huyu akaandika Utamu Mtupu, yule akaandika Hakuna Kama Mimi. Wanyama wakaingia, wakala, wakatoka wameshika matumbo. Wazee wakakaa kikao, wakapitisha mila: mpishi hajisemi, msemaji ni mlaji. Siku ya kufungua mgahawa, mlaji mmoja hula tonge la kwanza mbele ya mji mzima, na maneno ya kwanza yatakayomtoka akishameza ndiyo jina. Linaandikwa mlangoni kwa mkaa, na halifutwi.

Sasa basi, alikuwepo Bi Kanga. Alikuwa mjane mwenye vifaranga wengi, na mkono wake jikoni haukuwa na mpinzani. Akipika ndizi mbivu kwa nazi na iliki, hata nzi walipanga foleni. Wazee wakampa banda la mwisho sokoni, mlango wake mwembamba, anayeingia huingia kwa kubana pumzi. Wakampa na sharti: mwezi mpya ukiandama banda halina walaji, litarudi mikononi mwa mji, apewe mwingine.

Na huyo mwingine alikwishajipanga. Alikuwa Fungo, mwenye mkia wa pete pete na pua inayonusa ndizi kutoka ng'ambo ya mto. Alilitaka banda lile auzie pombe ya mnazi. Bi Kanga alilijua hilo, na lilimkosesha usingizi, kwa sababu vifaranga wake walilala humo humo, nyuma ya jiko. Banda likienda, na malazi yamekwenda.

Kwa hiyo hakutaka kubahatisha jina. Alimwendea Kobe, aliye mpole, asiye na papara.

"Babu Kobe, uwe mlaji wangu wa kwanza. Ukimeza tu, useme: Tamu Mpaka Kisogoni."

"Tamu," akasema Kobe. Bi Kanga akangoja. "Mpaka," akasema Kobe. Bi Kanga akangoja tena. "Kisogoni."

"Hivyo hivyo, babu. Usiongeze, usipunguze."

Siku ikafika. Mji mzima ukajaa nje ya banda, na Mzee Korongo, msimamizi wa soko, akasimama kwa mguu mmoja, mkaa mdomoni. Ndani, Kobe akapewa sahani. Akatafuna. Akatafuna. Akatafuna. Bi Kanga akajiona tayari mwenye mgahawa wa heshima. Kobe akameza, akafumbua kinywa, na hapo hapo Fungo akaingiza kichwa dirishani.

"Jamani, moto! Nyumba ya Kobe inaungua!"

Nanyi mnajua nyumba ya Kobe iko wapi. Maskini Kobe, akajua anaungua nayo. Akasahau tamu, akasahau mpaka, akasahau kisogo.

"Nitokeje humu?" akasema, na safari hiyo alisema upesi kuliko alivyowahi kusema maishani mwake.

Mzee Korongo akatoa mkaa mdomoni. "Mlaji amesema," akatamka, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: NITOKEJE HUMU.

Bi Kanga alilia mbele za watu, wala hakuona haya. Kobe naye alisikitika, akaenda kwake kichwa kikiwa ndani.

Kesho yake Bi Kanga akawasha jiko, kwa kuwa vifaranga hawajui aibu, wanajua njaa. Akakoroga ndizi, akaimba:

*Chungu changu, chemka,*
*usimwangushe mjane;*
*anayepita, na apite,*
*anayenusa, anione.*

Akapita Swala. Akanusa, akasimama, akasoma mlango.

"Bi Kanga, anayeingia humo hutoka?"

"Hutoka, mwanangu. Karibu."

"Mbona wa kwanza aliuliza njia?"

"Alishtuliwa tu."

"Mimi mali yangu ni miguu hii minne," akasema Swala. "Siiweki rehani kwa ndizi." Akaenda zake.

Bi Kanga akakoroga, akaimba wimbo wake. Akapita Nungunungu. Akanusa, akasimama, akasoma mlango.

"Bi Kanga, anayeingia humo hutoka?"

"Hutoka, mwanangu. Karibu."

"Mimi miiba yangu inaingia vizuri, kurudi nyuma ndiyo hairudi. Nitanasa kama mfupa wa samaki kooni." Akaenda zake.

Bi Kanga akakoroga, akaimba, sauti sasa imekauka. Akapita Ngiri. Akanusa, akasimama, akasoma mlango. Ngiri huyu alikuwa na njaa ya kweli, akaamua kuingia kinyumenyume kama aingiavyo shimoni mwake, ili macho yabaki njiani. Akaingiza mkia. Akaingiza makalio. Mvuke wa chungu ukamgusa kwa nyuma.

"Kimenishika," akanong'ona, akatimua mbio hadi kwa Mbuni, akala Nani Kapika Hiki na kulalamika.

Ikawa hivyo kila siku. Bi Kanga akatundika mkeka mlangoni kuficha maandishi, Mzee Korongo akauondoa. Akamsihi, "Mzee wangu, si umesikia ilivyokuwa?" Korongo akasema, "Nimesikia, mwanangu, na roho inaniuma. Lakini nikifuta lako, kesho Mbuni atataka nifute lake, nasi tutaumwa matumbo upya."

Siku ya mwezi kuandama ikafika. Jua lilikuwa bado juu Fungo alipokuja na kamba.

"Hodi, Bi Kanga. Nimekuja kupima pa kuweka mitungi yangu."

Hasira ilimpanda Bi Kanga hadi kwenye undu wa kichwani. Akaimeza, kwa maana mgeni ni mgeni. Tena aliiona pua ya Fungo inavyochezacheza.

"Karibu, Bwana Fungo. Pima kwa nafasi. Chungu hiki ndicho cha mwisho, ni dhambi kukimwaga. Utaonja?"

"Kidogo tu," akasema Fungo, "nijue harufu nitakayoitoa ukutani."

Akala sahani. Bi Kanga akauliza, "Nikuongeze?" Fungo akasema, "Ongeza." Akala ya pili. "Nikuongeze?" "Ongeza." Akala ya tatu, akaramba sahani, akaramba mwiko, akaingiza kichwa chunguni, akakiacha kinang'aa. Kamba ya kupimia akaitumia kufungia tumbo lisimwagike.

Ndipo akainuka kuondoka. Kichwa kikapita mlangoni. Mabega yakapita. Tumbo likakataa. Akasukuma mbele, likakataa. Akavuta nyuma, likakataa. Akabana pumzi kama mila ya mlango ule, lakini pumzi itabanwa wapi, na ndani kumejaa ndizi? Akapiga kelele iliyosikika soko zima:

"Jamani, nitokeje humu?"

Soko likasimama. Swala akaja, Nungunungu akaja, Ngiri akaja. Wakamwona Fungo, nazi kwenye masharubu, kichwa kiko nje na mkia uko ndani. Wakasoma mlango. Wakamwangalia Fungo. Wakasoma mlango tena.

"Ala," akasema Ngiri taratibu, "kumbe hii ndiyo maana yake."

Wakavuta, Fungo hakutoka. Wakakaa chini kusubiri ndizi zishuke, na kusubiri kunaleta njaa. Bi Kanga hakuuliza la pili. Akainjika chungu kingine, akapitisha sahani dirishani, moja baada ya nyingine, kando ya kichwa cha Fungo. Mwezi ulipoandama, mwembamba kama ukucha, Mzee Korongo alikuta mji mzima umeketi mbele ya banda unaramba vidole. Akatazama mwezi, akatazama walaji, akainama mbele ya Bi Kanga.

"Kizuri chajiuza, mwanangu. Banda ni lako."

Bi Kanga alilia tena mbele za watu, na safari hii vifaranga walimpigia vigelegele.

Wakati huo Kobe akatokea. Alianza safari ya kuja kuomba radhi siku ile ile ya aibu, ndiyo kwanza anafika. Wakampa sahani. Akatafuna, akameza, akafumba macho.

"Tamu," akasema. Mji ukangoja. "Mpaka." Mji ukalala usingizi mfupi, ukaamka. "Kisogoni."

"Umechelewa, babu," Bi Kanga akamwambia akicheka, "lakini kula."

Tangu siku ile, walaji wa Kitopeni wakienda Nitokeje Humu huingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha. Na Fungo, aliponywea kidogo akachomoka, alijifunza kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Ninyi nanyi jifunzeni. Kumharibia mwenzio jina ni rahisi; kumharibia chungu chake huwezi.

Chungu nimekiepua, mwiko nimeulaza. Sasa nyamazeni wote, maana hadithi hii bado haina jina, nami nafuata mila ya Kitopeni: maneno ya kwanza kumtoka msikilizaji ndiyo jina lake. Nataka jina zuri, jina la heshima...

Nani huyo kauliza Bi Kanga alipikaje zile ndizi?

Haya. Lete mkaa.