Mkono Uliobaki Kigoma

“Leseni huvuka mpaka, mkono hubaki kwao.” Ndivyo Mama Husna alivyomwambia yule nesi kijana aliyerudi jana kutoka masomoni ng’ambo, na nyinyi mliokuwa kibarazani mkacheka kabla hamjaelewa. Sasa mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Haukutoka mbali. Ulianza na mtu wa hapahapa kwetu Buyenzi, Bujumbura, na alipoutamka kwanza alikuwa akitokwa na damu puani.

Aliitwa Zamda binti Rajabu, mwenyeji wa Ujiji, kule Kigoma. Kwao alikuwa dereva, tena si dereva wa kuazima gari la mjomba siku ya harusi. Aliendesha lori la mawese kutoka vijijini hadi stesheni ya reli, masika na kiangazi, na wanaume waliomkodolea macho mwanzoni walikuja kumpisha njia kwa heshima. Alipoolewa na Nasoro, fundi cherehani wa hapa Buyenzi, alihamia huku akiwa na sanduku la nguo na leseni yake aliyoifunga ndani ya leso.

Mtu akihamia nchi ya watu, leseni aliyokuja nayo humfaa kwa muda tu. Baadaye hutakiwa kuibadilisha, achukue ya mahali alipo. Zamda alikwenda ofisini akidhani atatahiniwa upya kama mwanafunzi. Wakampima macho, wakatazama karatasi zake, wakamwambia arudi baadaye. Aliporudi wakampa leseni mpya. Hakuna aliyemwambia apande gari wamwone.

Nyumbani wakwe zake walifurahi, mama mkwe wake, Bi. Salha, akapiga vigelegele. Baba mkwe, Mzee Kalinda, aliyekuwa na pikapu kuukuu, aliigeuza ile leseni huku na huku.

“Hii wamekupa,” akasema. “Na upande je?”

“Upande gani, Baba?”

“Kwenu mnapita kushoto. Huku tunapita kulia, na usukani wa gari hili uko kushoto. Kaa kwanza kiti cha pembeni, mwanangu, nikuendeshe, uangalie.”

Zamda aliinamisha kichwa kwa adabu. “Baba, kushoto na kulia nilivijua kabla sijajua kusoma.”

Mzee akatia mkono mfukoni. Akampa ufunguo.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Jijini kulikuwa na magari mengi, naye alilifuata lililo mbele yake kama kondoo afuatavyo mwenziwe. Jambo moja tu lilimshangaza. Kila alipotaka kubadili gia, mkono wake wa kushoto ulinyanyuka wenyewe, ukaenda kuitafuta gia, ukagonga mlango. Gia ilikuwa kulia. Alilijua hilo, hata kwa sauti alijiambia, lakini mkono ukagonga mlango tena. Zamda alicheka, akautazama mkono wake kama mtu atazamavyo mgeni asiyejua mlango wa kutokea. Nani aliutuma? Na kama si yeye, ni nani mwingine aliyekuwa akiendesha gari lile?

Hakulichunguza zaidi. Aliona ni kichekesho.

Ikatokea kwamba dada yake Bi. Salha akaugua kule milimani, njia ya Bugarama. Zamda akampakia mama mkwe wake asubuhi, wakaanza kupanda. Njiani wakasimama kutia mafuta kwenye kituo kilichokuwa mkono wa kushoto. Walipomaliza, barabara ilikuwa tupu, ukungu umekaa kwenye mabonde, hakuna gari la kufuata. Zamda akatoka pale kituoni, akashika ukingo uleule wa kushoto na kuendelea kupanda. Ndivyo angefanya Kigoma. Hakuhisi kosa lolote. Alihisi raha, ile raha ya dereva aliye kwao, na Bi. Salha alikuwa akimsimulia habari za dada yake walipokuwa wadogo.

Kwenye kona wakakutana na baiskeli.

Mnawajua wale vijana washukao mlimani na mikungu ya ndizi, baiskeli imelemewa, breki ni soli za viatu vyao. Huyu aliitwa Bukuru, na alikuwa upande wake wa haki. Zamda alimwona akiwa karibu mno. Mikono yake ikavuta usukani kushoto zaidi, kama alivyozoea kukwepa kwao. Pikapu ikatumbukia mtaroni, paji la uso wa Zamda na pua yake vikagonga usukani. Baiskeli ikakwaruza ubavu wa gari, ikaruka, ndizi zikasambaa barabara nzima.

Bi. Salha alikuwa mzima, ila sauti ilimpotea. Zamda alishuka akipepesuka. Alimkuta Bukuru amekaa kwenye majani, ameshika bega lililovunjika, uso umesawijika, lakini anapumua.

“Nisamehe, kaka yangu. Nisamehe.”

“Dada,” Bukuru akasema, akihema, “ulikuwa unakwenda wapi upande huu?”

Askari wa barabarani akafika. Aliitazama leseni mbele na nyuma.

“Leseni ni halali,” akasema. “Tena ni ya hapahapa. Ulisinzia?”

“Sikusinzia, afande.”

“Umelewa?”

Hapo sauti ya Bi. Salha ikarudi. “Huyu? Huyu hata togwa hanywi!”

“Basi nielezeni. Mtu mwenye macho mazima na leseni halali alifuata nini kushoto?”

Zamda aliinua mikono yake, akaitazama. Damu ya pua ilikuwa ikiidondokea.

“Afande,” akasema, “leseni imevuka mpaka. Mkono umebaki kwetu.”

Askari akamwandikia kosa lake, kama ilivyopasa. Aliyejibu ni Bukuru, palepale kwenye majani.

“Basi nenda ukaulete, dada. Ukiuacha huko, siku nyingine utaniua.”

Neno lile lilimwingia Zamda kuliko makemeo yote. Bukuru alipokuwa akiuguza bega, Zamda ndiye aliyeshusha ndizi zake sokoni. Lakini kabla ya hapo alimwendea Mzee Kalinda, akapiga goti.

“Baba, naomba kile kiti cha pembeni.”

Mzee hakumkumbusha lolote. Akaendesha, Zamda akaangalia na kuuliza. Kwa nini sikukosea jijini, penye vurugu, nikakosea penye utulivu? Kwa nini nilikosea nikiwa na raha? Wakawa wanakwenda makusudi kwenye barabara tupu alfajiri, wakisimama na kuondoka, wakisimama na kuondoka, mpaka Zamda akapata jibu lake mwenyewe: barabara yenye magari hukuongoza, bali barabara tupu hukuachia ufanye ulivyozoea. Siku moja Mzee alimwambia aendeshe yeye. Mkono wa kulia ukashika gia bila kutumwa. Zamda akasimamisha gari pembeni, akalia kwa furaha.

Bi. Salha ndiye aliyeeneza maneno yale. Aliyasimulia msibani na harusini, mpaka Buyenzi nzima ikayachukua, na watu wakaanza kumwambia kila mgeni na kila aliyerudi na cheti kipya.

Kwa hiyo Mama Husna hakumtukana yule nesi. Binti alisema ana cheti kikubwa, kesho anaanza wodini, hahitaji kuonyeshwa na mtu. Dawa anazijua, lakini alizizoea za kule, na mashine za kule, na wagonjwa wa kule. Mama Husna alikuwa anamwombea kiti cha pembeni.

Eti sasa nani anacheka? Haya, semeni wenyewe, nisikie kama mmeelewa.

“Leseni huvuka mpaka, mkono hubaki kwao.”