Kamera ya Wakaza Wana wa Anyitike Mwasulama

Tegeni masikio, na mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, kwa sababu mwishoni jibu litadaiwa kwa kila mtu.

Katika kijiji cha Itubwe, huko nyuma ya Tukuyu, walikuwako wanawake watatu walioolewa na ndugu watatu. Majina yao yashikeni vizuri. Wa kwanza ni Subilaga. Kabla ya kuolewa alifanya kazi katika studio ya picha mjini Mbeya, na kipawa chake kilikuwa kuchagua. Hajazaliwa muuzaji wa kumuuzia asichokitaka. Wa pili ni Tupokigwe, mjane, na kipawa chake kilikuwa kutulia. Ndege walitua karibu naye shambani wakimdhani kisiki. Wa tatu ni Sekela, na kipawa chake kilikuwa ulimi. Hakuwa mtukanaji, la; ila neno lililostahili kusemwa, yeye hakulimeza.

Baba mkwe wao aliitwa Anyitike Mwasulama. Kwa desturi ya hapo, mkaza mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hatamki jina lake. Akimwona njiani, huingia migombani mpaka apite. Ilikuwa desturi ya heshima, na mzee huyu akaigeuza panga. Mchana kweupe alikwenda kwenye mipaka ya wakaza wanawe, akang'oa masale, mimea inayoonyesha mpaka, na kuyapanda upya ndani zaidi, ili shamba la mke wake mdogo linenepe. Shamba la Tupokigwe ndilo lililoliwa kuliko yote, kwa kuwa halikuwa na mwanamume. Likiisha, angeambiwa arudi kwao.

Walipompeleka barazani, mzee aliuliza swali moja tu: nani aliniona? Swali hilo lilikuwa mtego. Kusema "nilimwona" kulikuwa kukiri kuvunja desturi. Kusema "sikumwona" kulikuwa kuifuta kesi. Subilaga akatoa simu yake, ambayo alimpigia mzee picha kutoka mbali. Ilionyesha kofia na koti, vidogo kama punje ya haragwe. Mzee akauliza Itubwe ina makoti mangapi ya namna ile, na baraza likacheka.

Tupokigwe hakucheka. Njiani aliwaambia wenzake, "Mimi kwetu sirudi. Tafuteni njia."

Wakauza ndizi, wakachanga, wakaenda Mbeya. Muuzaji aliwawekea mezani kamera kubwa nyeusi, nzito kama tofali, akaisifu kuwa ndiyo kamera ya kazi. Subilaga alimwomba aipige. Ikalia kla! kwa kile kioo kinachoruka ndani yake.

"Hiyo mwizi ataisikia kabla hajainama," alisema.

Akataka ile ndogo, isiyo na kioo tumboni. Aliijaribu polepole bila kumjali mtu. Ilipiga picha pasipo mlio, ikachukua video pamoja na sauti, na lenzi yake ikavuta ng'ambo ya barabara mpaka usoni pa mshona viatu. Tena skrini yake ilifunguka ubavuni kama jani la dirisha, hata mtu aliweza kuipakata na kuiangalia kwa kuinamisha kichwa. Muuzaji alisema hicho ni kichezeo cha watalii, na betri yake huisha upesi.

"La betri ni kweli, nipe mbili," Subilaga akajibu. "Mengine usinifundishe, kaka. Mimi ndiye ninayejua itamtazama nani."

Tupokigwe aliomba aishike yeye, kwa sababu shamba lililokuwa linakufa lilikuwa lake. Alikaa migombani tangu asubuhi, kamera mapajani, kichwa kimeinama kwa heshima kama desturi ilivyotaka. Mzee alikuja na jembe. Siafu nao wakaja, wakampanda Tupokigwe miguuni, wakamuuma mpaka machozi yakamtoka, lakini mikono yake haikutikisika. Ndani ya skrini aliona mgongo, aliona mikono, aliona masale yakitoka na mizizi yake. Uso hakuuona. Kofia ilikuwa imeufunika, na mzee hakuinua kichwa. Taa ya betri ya pili nayo ikaanza kumeta kuonya kuwa inakwisha. Tupokigwe alijua kuwa barazani wangeulizwa tena habari za makoti.

Sekela alikuwa amejificha nyuma yake, naye aliiona taa ile ikimeta. Akasimama wima, akatamka kile ambacho mkaza mwana hakitamki hata akiota.

"Anyitike Mwasulama!"

Mzee alijinyoosha kama aliyechapwa, kofia ikaanguka. Akageukia ilikotoka sauti, uso mzima kwenye lenzi. "Nani ametaja jina langu? Masale ni yangu, nitayang'oa nitakavyo!"

Kamera ikameza yote, ikazimika.

Jioni hiyo mume wa Sekela alimtaka aende kwao akatakaswe. Sekela alimwambia aanze kutakaswa aliyeiba.

Baraza liliitazama video mpaka mwisho. Mzee akajaribu mlango wa mwisho: kumbe mkaza mwana wake alimtazama. Wazee wakaanza kunong'ona. Tupokigwe alisimama, akampa mkwewe mgongo, akasema na mwenyekiti.

"Mwambie baba sikumtazama. Niliitazama kamera."

Mwenyekiti, Asegelile, aliuficha mdomo kwa kiganja. Hukumu ikatoka: masale yarudi mahali pake, na mzee atoe mtamba mmoja mwenye mimba, apewe yule aliyemfichua. Kwa desturi, ng'ombe wa faini hauzwi wala hagawanywi. Kamba yake hushikwa na mkono mmoja.

"Sasa watararuana wenyewe," mzee akasema, akatabasamu.

Subilaga alisema kwamba kwa kamera ya muuzaji yule, mzee angekimbia kwa mlio wa kwanza. Sekela alisema kwamba bila jina lile wangerudi barazani na koti jingine. Tupokigwe alinyanyua kanga kidogo, wakaona vifundo vya miguu vilivyovimba kwa siafu. Kwake mtamba hakuwa maziwa tu: mjane mwenye ng'ombe zizini hafukuzwi na mtu. Lakini hakutaka kuhurumiwa. Alitaka apewe kwa haki au asipewe.

Wazee walijitolea kuamua. Tupokigwe akakataa. "Nyinyi mlishindwa kumwona mwizi mchana. Mtamba huyu hamtamwona pia. Waulizwe watu wasio wa ukoo huu."

Wenzake waliitikia, na wote watatu wakaikamata kamba, hakuna aliyeilegeza.

Haya, ninyi si wa ukoo ule. Aliyechagua, aliyetulia, au aliyetamka? Je, wewe ungeamua kamba ibaki mkononi mwa nani? Taja jina, na liwe moja.