Punda na Matango ya Kilimani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani, kale ile ya kale, Punda aliishi na wanyama wenzake juu ya kilima. Mto ulikuwa chini, mbali, bondeni. Huko juu wanyama walikuwa na bustani ya matango. Na tango, mnajua wenyewe, ni maji. Hakuna maji, hakuna tango.

Nani achote? Punda! Si ana mgongo? Akashuka na vibuyu vitupu, akapanda na vibuyu vimejaa. Kwata, kwata, kwata. Wenzake wamekaa kivulini, wanamwimbia:

"Panda, Punda, panda, matango yana kiu!"

Naye Punda alikuwa mja mzito. Tumbo limeshuka, miguu imevimba. Alichoka, jamani. Juzi alichoka, jana alichoka, na leo aliamka na uchovu wa jana. Kila akikanyaga jiwe alisema moyoni, "Mwanangu, shikilia. Usije ukatoka njiani."

Siku moja nguvu zikamwishia njiani. Puu! Akaanguka, kibuyu kikapasuka.

"Mama kijacho kaanguka!" akapiga kelele Kima. "Mwiteni Nguchiro!"

Nguchiro ndiye aliyekuwa mganga wao. Akaja na tango. Akakata ncha, akaisugua palepale ilipokatwa, sugu, sugu, sugu, mpaka povu jeupe likatoka.

"Huo ni uchungu wake, acha utoke," akasema. Akakata vipande vya duara, akamwekea Punda machoni. "Hivi vinapoza macho." Akampaka ganda shingoni palipoungua kwa jua. "Hili linatuliza ngozi." Kilichobaki akamlisha. "Na hiki kinakata kiu na kulainisha tumbo. Bibi yangu alinifundisha, naye alifundishwa na bibi yake."

Kacha, kacha, kacha. Kweli, Punda akasikia ubaridi. Nguchiro hakudanganya.

"Umepona?" akauliza Nyati.

"Macho yamepoa, bwana. Lakini bado nimechoka."

"Aa, kama macho yamepoa, simama!"

Wakamfunga vibuyu vingine.

"Panda, Punda, panda, matango yana kiu!"

Ikawa ndiyo desturi. Punda akianguka, tango. Akiinuka, vibuyu. Akianguka, tango. Akiinuka, vibuyu. Mwisho matango yakapungua bustanini. Nguchiro akaja na uso wa huruma.

"Mama kijacho, dawa yako inakwisha. Bustani inataka maji zaidi. Leo tutakuongezea vibuyu."

Punda akamtazama.

"Ndugu yangu Nguchiro, mimi naumwa nini?"

"Uchovu."

"Uchovu wa nini?"

"Wa kuchota maji."

"Maji ya nini?"

"Ya matango."

"Matango ya nini?"

"Ya kukutibu uchov..."

Punda akajilaza katikati ya matuta. "Mimi sinyanyuki tena. Nina mtoto wa kuzaa."

Kima akaruka juu, akaruka chini. "Mnaona? Fadhila ya punda ni mateke! Tumemaliza matango yetu kwa ajili yake!"

"Mwenzangu," akasema Punda, "hata teke lenyewe sina nguvu ya kulirusha."

Wakamwimbia. Akafumba macho. Jua likawaka, majani ya matango yakalegea. Kima akautazama mto, Nyati akautazama mto. Hakuna aliyetoka kivulini.

Nguchiro akaona haya. Akachukua kibuyu, akashuka. Akapanda, anahema, ulimi nje, maji nusu yamemwagika. Akayapita matango. Akapiga magoti mbele ya Punda, akamnywesha.

"Nisamehe, dada. Nilikutibu kila mahali, sikuitazama ile njia ya mtoni."

Nyati akasikia maneno hayo. Akainuka taratibu. "Leteni vibuyu vilivyobaki," akasema. "Nitwikeni mimi."

Punda akalala usingizi mzito. Siku yake ilipofika, akazaa salama, kivulini, wala si njiani.

Basi, wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: kuleni matango, yanapoza na yanakata kiu. Lakini aliyechoka kwa mzigo, dawa yake ni kupokewa mzigo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mama zenu wale wanarudi kutoka kisimani. Inukeni mkawatue ndoo.