Mkuki wa Sengondo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitikia kama mnaotafuna. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, kijiji kimoja cha mlimani kilikuwa na mzimu. Mzimu wenyewe ni Sengondo, mwana wa mfalme, shujaa aliyeuawa vitani akiwazuia maadui wasivuke mto. Watu walimjengea kibanda, wakauweka mkuki wake ndani, wakaanza kumwomba. Dada yake, Bibi Mkunde, ndiye aliyekifagia kibanda hicho. Fya! Fya! Fya! Kila asubuhi, mpaka akazeeka.

Na alichoka! Hakuchoka kufagia, alichoka na watu. Mbuzi kapotea, wanamletea Sengondo pombe. Mume anakoroma, pombe. Paa linavuja, pombe na jogoo juu yake.

"Ezekeni paa!" Bibi Mkunde alikuwa akiwaambia. "Ndugu yangu aliogopa hata ngazi!"

Mwaka mmoja mfereji wa mashamba ukabomoka. Mtama ukanyauka. Watu wakaleta pombe. Kimya. Wakaleta jogoo. Kimya. Wakaleta fahali. Kimya, na mtama unazidi kunyauka.

Ndipo jumbe wa kijiji, Mzee Mavoa, akaja amemshika mkono binti mmoja, Mboni. Binti analia.

"Bibi, shujaa anataka mke. Huyu tutamfungia kibandani maisha yake yote."

"Nani kakwambia?"

"Tumeota."

"Mmeota! Mfereji umebomoka wapi?"

"Kule juu, penye mwamba."

"Nani amekwenda kuuziba?"

"Tulikuwa tunaleta pombe."

"Lo, watu hawa! Sengondo alipokuwa hai, mfereji ukibomoka, alifanya nini?"

"Aliyaamuru maji," akasema jumbe, "yakamtii."

"Aliingia topeni mpaka kiunoni! Mimi ndiye niliyempelekea ugali!"

Bibi Mkunde akaingia kibandani, akauchomoa mkuki. Watu wakapiga yowe, maana iliaminiwa kwamba anayeugusa anakufa. Hakuwajali. Akapanda mlima, Mboni nyuma yake, kijiji kizima nyuma yao.

Chwi! Mkuki ukazama kwenye udongo. Chwi! Akachimba. Mboni akaukanda udongo na kuziba. Wengine wakasimama, wakamtazama tu.

"Mnangoja nife?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi ngojeni huku mnabeba mawe!"

Wakabeba. Wakangoja, wakabeba. Jua halijashuka, maji hayo, shwaaa! mpaka mashambani.

Kesho yake jumbe akaja na kuku mweupe, akapiga magoti.

"Bibi, kumbe Sengondo alikupanda kichwani!"

"Walionipanda kichwani," akasema Bibi Mkunde, "ni ninyi."

Akamchukua yule kuku, akamchinja, akamla na Mboni. Jumbe hakupewa hata paja.

Basi, wanangu, mkitaka kumheshimu shujaa, fanyeni kazi aliyoifanya, na mtoto wa watu mwacheni aende kwao. Hadithi yangu imekoma papo hapo.