Matanga ya Sultani Aliye Hai

Palikuwa na sultani mmoja, Sultani Makungu, aliyetamani sana matanga yake mwenyewe. Msinielewe vibaya: kufa hakutaka. Alichotaka ni yale maneno. Alikuwa ameona kwamba mtu akishazikwa tu, ghafla anakuwa mwema. Bahili anakuwa mkarimu, mfitini anakuwa mpatanishi, na mtu aliyekimbiwa na jirani zake wote anaitwa mtu wa watu. Sultani akaingiwa na wivu. Sifa tamu kama hizo zisemwe siku ambayo yeye hasikii? Hasara iliyoje!

Akapiga mbiu: Ijumaa, baada ya sala, mji mzima uje barazani kumlilia, na mila yote ya matanga ifuatwe. Yeye atalala kitandani, kafunikwa shuka nyeupe, anasikiliza. Asiyetoa chozi atahama mji kabla ya magharibi, na nyumba yake itavunjwa.

Siku ikafika. Ubani ukafukizwa, mikeka ikatandikwa, kahawa ikazungushwa. Mnadhani kulia kuliwashinda? Wapi! Kila mmoja alikumbuka shamba lake lililogeuka shamba la Sultani, machozi yakaja yenyewe. Kadhi alilia mpaka kilemba kikalegea.

"Ameondoka baba wa mayatima!" alipiga kelele. Na kweli, mayatima wengi wa mji ule alikuwa kawafanya yatima yeye Sultani mwenyewe.

"Hakupata kula peke yake!" akadakia Waziri Sefu. Kweli pia. Walikula pamoja, Sultani na Waziri, vyakula vya watu. Shuka ikatikisika kwa raha.

Mtu mmoja tu hakulia: Bi Mwatime, mjane muuza vitumbua. Duniani alikuwa na kibanda kimoja na ulimi mmoja, na ulimi ndio uliokuwa mkubwa. Alikuwa anakunywa kahawa yake na kuomba aongezewe haluwa. Waziri akainama, akamnong'oneza Sultani. Maiti akaketi.

"Wewe bibi! Mbona macho makavu?"

"Toba! Lala, Bwana wangu. Maiti haulizi maswali. Maiti huulizwa."

Watu wakauma midomo wasicheke.

"Sijafa, mpumbavu wewe!"

"Basi pole, Bwana wangu. Nimekula haluwa ya watu bure."

"Mji mzima umelia! Kadhi kalia, kinyozi kalia, hata punda wa Waziri kalia!"

"Huyo punda namwamini. Hakutishwa na mtu."

Sultani akavimba. "Kibanda chako kinavunjwa leo hii!"

"Kivunjwe," akasema Bi Mwatime. "Lakini uliagiza mila yote ifuatwe, na mila haijaisha. Kabla maiti hajatolewa, watu huulizwa walimjuaje marehemu. Na anayetoa ushahidi huo haguswi. Au nimekosea, Kadhi?"

Kadhi, akiwa bado anapangusa pua, akasema, "Hajakosea."

Sultani akatulia. Ushahidi! Sifa nyingine hizo, na safari hii kwa kiapo. Nani angekataa?

"Haya," akasema. "Nakuapia mbele ya Kadhi: sema kweli, na kibanda chako ni salama, na wewe na vizazi vyako pia. Machozi ya watu hawa ni ya kweli au ya uongo?"

Waziri akaanza kutafuta viatu vyake.

"Ya kweli, Bwana wangu, wallahi. Nimezika mume, nimezika ndugu, sijaona machozi ya kweli kama haya."

Sultani akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Mmesikia? Sasa niambie, bibi. Ikiwa mji mzima umelia kwa dhati ya moyo, wewe peke yako umezuiwa na nini?"

"Mimi nimekaa huku nyuma, Bwana wangu, na macho yangu hayaoni mbali, nikadhani umekufa. Wenzangu wako mbele. Wamekuona unapumua."