Steki Tano za Mama Nguchiro

Makaa, makaa!
— Waka!
Nyama, nyama!
— Iva!
Na uongo je?
— Uje, na chumvi ikolee!

Haya. Shemeji Ndelwa, toa mkono kwenye hilo sinia. Nimesema nyama inapumzika chini ya jani, na ikipumzika haiguswi. Kaeni chini niwasimulie, maana nawaona mnavyohangaika, mara huyu anasimama, mara yule ananusa.

Zamani hizo, kiangazi kilipokuwa kiangazi kweli, Mama Nguchiro aliishi ndani ya kichuguu na wanawe watatu. Nguchiro mnamjua: mnyama mdogo, mkia mrefu, macho hayatulii. Siku mbili nzima watoto hawakutia kitu kinywani. Siku ya tatu mama yao akaua nyoka aliyekuwa akiwanyemelea watoto wa Chui, na Chui kwa shukrani akamkatia sarara: steki tano, nene vidole viwili, kila moja na ukingo wake wa mafuta.

"Tatu zenu," akawaambia wanawe. "Moja yangu. Na moja ya kesho, maana kesho nayo ina njaa yake. Ingieni ndani, na nisisikie mtu akipumua."

Akawasha moto nje, mbele ya mlango. Akangoja makaa yavae jivu jeupe. Akaifuta nyama ikakauka, akaipaka chumvi, akaanza na moja, maana wavu wake wa fito mbichi ulikuwa mdogo. Chwaaa! Anageuza shingo kulia, anageuza shingo kushoto. Anainuka, anakaa. Moshi una mdomo, jamani, na yeye alilijua hilo.

Steki ya kwanza ikaiva. Akaifunika kwa jani la mgomba ipumzike. Mara akasikia nyuma yake: nyatu, nyatu, nyatu. Kabla hajageuka, pwa! Mguu wa Fisi ukatua juu ya mkia wake.

"Habari za mapishi, mama?"

"Nzuri, mzee," akajibu. "Karibu."

"Nimeshakaribia. Nyama yote yangu. Ukifurukuta, wewe nawe ni kitoweo."

Mama Nguchiro akauvuta mkia. Hautoki. Nyama ilimuuma, lakini watoto walimuuma zaidi: wakikaa sana na njaa yao watatoka kumtafuta mama, na wakitoka wamekwisha.

"Chukua, mzee. Ila anza na hii iliyo tayari."

Fisi akaitupa kinywani. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akafumba macho, mchuzi ukimtiririka mpaka kidevuni. Maisha yake yote alikuwa akila mbichi, mbio mbio, huku ndugu zake wanamnyang'anya.

"Hii... hii ni nyama gani?"

"Ni hiyo hiyo, mzee. Imechomwa tu."

"Basi nichomee zote, hivi hivi. Ikipungua utamu hata kidogo, namla mchomaji."

Mtu akionja kitu kizuri mara moja, mara moja tu, tayari ni mtaalamu. Fisi akakaa kitako, akakunja uso, mkia wa watu bado uko chini ya mguu wake.

Steki ya pili ikapanda motoni. Chwaaa!

"Imeiva?"

"Bado, mzee."

"Imeiva?"

"Bado, mzee. Usiiguse. Nyama inageuzwa mara moja tu."

Nani asikie? Fisi akachomeka ukucha, choko! Mchuzi ukamwagikia makaa, shii! Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaiminya. Alipoitia kinywani ilikuwa soli ya kandambili.

"Phu! Umeniharibia!"

"Mimi, mzee? Si ukucha wako huo?"

"Kimya!" Akaitupa kwa hasira, ikaruka, ikaingia moja kwa moja kwenye mlango wa kichuguu. Tu! Halafu, kutoka ndani: nyam, nyam, nyam.

Fisi akasimamisha masikio. "Nini hiyo?"

"Mchwa, mzee. Mchwa wa huku hawachagui."

Na hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, macho ya Mama Nguchiro yakatulia. Kumbe. Kavu si kavu, mtoto mwenye njaa ya siku mbili haulizi.

Akaweka steki ya tatu. Chwaaa!

"Hii usiiguse kabisa, mzee. Lakini sijui kama utaweza. Wengi hawawezi."

"Mimi nisiweze? Mimi?" Akakaa. Akajikuna. Akasimama. "Imeiva?"

"Bado, mzee."

"Imeiva?"

"Bado, mzee."

Choko! Shii! Phu! Tu! Nyam, nyam, nyam.

Steki ya nne. Safari hii Fisi akaikalia mikono yake, akatetemeka mwili mzima, lakini hakuigusa. Ilipotoka motoni tu, akaidaka, akairarua vipande viwili. Mchuzi wote ukaishia mchangani.

"Mbona imekauka tena?"

"Hukuiacha ipumzike, mzee."

"Ipumzike? Imefanya kazi gani?"

"Imetoka motoni, mzee. Wewe ukitoka motoni hutapumzika?"

Phu! Tu! Nyam, nyam, nyam. Mtoto wa tatu naye akapata. Lakini alikula kwa pupa, mjinga yule, na kutoka ndani ikasikika: kwi! Kwikwi imemkamata. Kwi!

"Nini hiyo?"

"Fito mbichi, mzee. Zinalia motoni." Na jasho likamtoka mama wa watu.

Sasa ikabaki moja. Steki ya tano, kubwa kuliko zote, yake mwenyewe. Tumbo lake lilikuwa likiunguruma tangu juzi, na mkia bado umekanyagwa. Fisi akaitazama ile nyama, akamtazama yeye, akasema kwa upole:

"Mama Nguchiro, nimekosa. Hii sitaigusa. Nifundishe, nami nitangoja."

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Fisi mwenye pupa alimjua. Fisi mwenye subira hakuwahi kumwona, wala hakusikia habari zake kwa bibi yake.

Chwaaa! Fisi kimya. Matone mekundu yakatokeza juu ya nyama, akaigeuza mara moja. Fisi kimya. Akaibonyeza kwa kidole: laini, inarudi. Imeiva. Fisi kimya, amekaa tu, mate yanamdondoka, to, to, to.

Mama Nguchiro akashika majani mabichi, akayarusha kwenye makaa. Fuuu! Moshi ukapanda.

"Fumba macho, mzee! Moshi huu unapofusha!"

Fisi akafumba. Mama Nguchiro akaidaka steki, akaibana kwapani, ikamchoma, akauma meno. Pembeni mwa moto palikuwa na jiwe bapa lililodondokewa mafuta mchana kutwa. Akalisukumia kwenye jani la mgomba kwa kijiti, akalifunika.

"Fumbua, mzee. Sasa inapumzika. Ila mvuke ukitoka, basi tena, ni soli. Jani linataka kukandamizwa na mtu mwenye nguvu, kwa miguu yote minne. Sijui nimwite Kiboko?"

"Kiboko wa nini, na mimi nipo?"

Akauachia mkia. Akapanda juu ya lile jani, miguu yote minne, akajikunyata. Jani lilikuwa la moto, harufu ya mafuta inampanda puani.

"Mpaka lini?"

"Mpaka uwataje babu zako saba, mzee. Polepole."

Maskini, Fisi aliwajua watatu tu. Akawataja, akakwama, akarudi mwanzo. Akawataja, akakwama, akarudi mwanzo.

"Imepumzika?"

"Bado, mzee!" Sauti inatoka mlangoni mwa kichuguu.

"Imepumzika?"

"Bado, mzee!" Sauti inatoka ndani kabisa, na mdomo umejaa kitu.

"Imepumzika?"

Kimya. Kichuguu kina mlango wa nyuma, na Mama Nguchiro alikuwa ameshatoka nao, watoto watatu mbele, nusu ya steki kinywani.

Fisi akafunua jani. Lo! Jiwe limenawiri, linang'aa mafuta, mvuke unafuka. Akafumba macho kama ile mara ya kwanza. Akalipachika lote kinywani, akauma kwa nguvu zake zote.

Kwach!

Jino moja likaenda huku, jingine kule. Akakipiga kichuguu mateke mpaka miguu ikavimba. Ndani hamna hata mchwa. Tangu siku hiyo Fisi anakula mbichi, mbio mbio, na ukimtajia subira anaangua kicheko.

Hadithi yangu imefia jikoni: jivu langu, minofu yenu.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mvumilivu hula mbivu. Mnacheka nini? Ni kweli Fisi alipokuwa na pupa alipata steki moja nzima, ya moto, na alipojifunza subira akapata jiwe. Lakini hayo ni yake. Nyinyi vumilieni, kama mlivyovumilia muda wote huu mkinitazama mimi badala ya kulitazama sinia.

Haya, shemeji Ndelwa, funua jani. Na kama unayapenda meno yako, bonyeza kwanza.